Kutangaza mgahawa kwa ramani ya simu

Dada, umeuliza kama programu za mteja kutangaza yuko wapi, mfano Foursquare, zitakuletea walaji hapo mgahawani kwako Sinza. Usianzie huko. Hata Foursquare wenyewe walishaihamishia kazi hiyo kwenye programu yao nyingine, Swarm, mwaka 2014, na wateja wako wengi hawanayo. Anza na Google Maps, kujisajili ni bure. Hakikisha alama ya mgahawa kwenye ramani imekaa mlangoni kwako kabisa, si mtaa wa nyuma, maana bodaboda na mgeni watafuata hiyohiyo. Weka picha ya kibao chako, saa za kufungua na namba ya simu. Maoni yajibu yote, hasa malalamiko. Ila tafadhali usimpe mtu soda ili akusifie, Google wanakataza. Wanaopiga picha sahani ya samaki, waombe waweke na jina la mahali Instagram.