Breka ikikata usikimbilie kuweka kubwa

Dada mmoja wa Kibokoni kaniandikia juzi, asema breka ya shawa ya umeme, ile swichi ya boksi inayojizima umeme ukizidi, yakata kila mtu akioga, fundi wake kamwambia anunue kubwa zaidi mambo yaishe. Dadangu, hayataisha, na huyo fundi aniwie radhi lakini wa aina yake nawajua.

Mimi nilishafukuzwa nyumba moja hapo Mji wa Kale kwa neno hilihili. Nilifungua boksi ya breka, ya zamani mpaka rangi imekuwa ya chai, nikamwambia mzee mwenye nyumba breka haina neno, waya ndio umelegea. Akasema nataka kumla pesa. Akaitwa kijana mwengine akatoa ya ampia 32 akatia ya 63, akalipwa na chai akaandaliwa. Baada ya Ramadhani napigiwa simu usiku, ati kwanuka samaki na hakuna aliyekaanga samaki. Hiyo ni plastiki ya breka inaungua, na sisi watu wa Mombasa harufu ya samaki haitushtui, ndio balaa. Nilipofungua, ganda la waya lapukutika mkononi, skurubu nyeusi tii, na shaba imefanya kutu ya kijani kwa hii hewa yetu ya chumvi. Siku hiyo mzee aniita "mwanangu". Sikumjibu kitu ila roho yangu ilikunjuka, siwadanganyi.

Sasa sikieni. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 yavuta kama ampia 23. Kiungo cha waya na breka kikilegea kikawa na ukinzani wa omu 0.1 tu, hapo penye skurubu pazaliwa joto la wati 50 na kitu, ni kama balbu ya zamani imefichwa ndani ya boksi. Breka nayo ndani ina kibati kinachopinda kikipata joto, kwa hivyo lile joto la skurubu laifikia na yakata kabla ampia zake hazijafika. Yaani inakutetea wewe, halafu waitoa watia kubwa isiyojali, kinachoungua sasa ni waya ukutani.

Kuangalia, washa mzigo kwanza, shawa, esi, pasi, uwache kama nusu saa manake boksi iliyopoa haisemi kitu. Kifuniko kikiwa kimefungwa, weka mgongo wa mkono juu ya breka moja moja, yenye joto kuliko wenzake na mzigo ni mmoja, ishuku. Kufungua kifuniko ni kazi ya fundi, na akitumia kipimajoto cha kuelekeza, kile kisichogusa, asikielekeze kwenye chuma kinachong'aa, kitamdanganya, apime ganda la waya pembeni. Fundi wa kweli atapima milivolti kati ya waya na breka mzigo ukiwaka, alinganishe na ya jirani. Na baa ya nyutro, kile chuma kinapofungwa nyaya za kurudisha umeme, aitazame pia! Wengi huishia kwenye breka tu.

Kukaza skurubu juu ya waya uliokwisha kuungua ni kujidanganya. Azime meni, ile swichi kuu, apime ahakikishe hakuna umeme, akate waya mpaka shaba safi, breka iliyoungua itupwe. Nanyi wenye nyumba, mwajenga ghorofa juu ya ghorofa, kila chumba esi, boksi ni ileile ya marehemu babu, mwataka nini kitokee? Waya wa kabla ya mita na sili zake msiguse, hizo ni za kampuni ya umeme, ripotini kwao. Fundi naye muulizeni leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, kabla hajashika bisibisi, akinuna mwacheni aende zake.