Rutere ya wifi inakula kuran (umeme) ngapi? Mwenye lupango anasema wati 120

SWALI: Jambo sana ndugu wa gazeti. Niko mpangaji hapa Katuba, Lubumbashi, tuko nyumba tatu mu lupango (kiwanja) moja na konteri (mita ya kuran) ni moja, fakture tunagawana. Tangu mume wangu alete rutere ya wifi juu ya masomo ya watoto, mwenye lupango anataka nilipe zaidi ya wengine. Alishika chaja ya rutere akasoma 240V na 0.5A, akazidisha akapata wati 120, akasema hicho kitu kinalala kinawaka usiku kucha. Mimi sikusomea mambo ya kuran, lakini ile rutere nikiigusa ni vuguvugu tu. Nimuambie nini bila kukosana naye? – Mama wa watoto wanne, Katuba

JIBU: Mama, kuzidisha amezidisha vizuri, shida amesoma mstari usiohusika. Geuza hiyo chaja mahali penye mwanga maana maandishi ni madogo kweli, utaona mistari miwili. Ule wa INPUT unasema chaja inakubali kuran ya volti 100 mpaka 240, na kwamba haitavuta zaidi ya ampea 0.5 hata mambo yakiwa mabaya kabisa, yaani ni mpaka wa usalama, fundi anautazama akichagua waya na fyuzi. Hausemi rutere inakula nini kila siku.

Soma ule wa pili, OUTPUT. Rutere nyingi za nyumbani zina 12V na 1A, kwa hiyo 12 mara 1 ni wati 12, nyingine utakuta 9V 0.6A, ambayo ni wati 5 na kitu. Na hata hiyo 12 ni mwisho wa uwezo wa chaja, rutere yenyewe ikiwa kazini inakaa kati ya wati 5 na 10, ikipanda kidogo tu watoto wote wakifungua video pamoja. Chaja nayo inapoteza kidogo kama joto, ndiyo hilo vuguvugu unalolisikia mkononi, na kitu kinachokula wati 120 mfululizo kwenye boksi dogo namna ile usingeweza kukishika.

Tuchukue wati 8. Mara saa 24 ni 192, gawa kwa 1000 unapata kWh (kilowati-saa, kipimo cha kuran kwenye fakture) 0.192 kwa siku, siku 30 ni kWh 5.76. Kwa hesabu ya mwenye lupango ingekuwa 86.4 kwa mwezi, mara kumi na tano yake! Sasa shika fakture yenu, pesa yote mliyolipa gawa kwa kWh zilizoandikwa, utajua kWh moja ni franka ngapi, zidisha mara 5.76, hiyo ndiyo haki yake na umlipe bila kunung'unika.

Lakini usimwendee na karatasi peke yake, mzee atasema umepika hesabu. Mwite mbele ya konteri. Konteri nyingi za kisasa zina kataa kekundu kanakopepesa, pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kakipepesa mara 1000 mmemaliza kWh moja. Omba nyumba zote tatu zizime kila kitu ibaki rutere tu, hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja mpaka wa pili, kisha 3600 gawa kwa hizo sekunde, jibu ni wati (kama imeandikwa 1600, anza na 2250 badala ya 3600). Kwangu nilifanya Jumapili moja, friji chini, taa chini, mwanangu ameshika simu anahesabu muda, mimi nimechuchumaa. Kakapepesa, tukangoja, tukangoja, mtoto akaanza kusema papa konteri imekufa, mpepeso wa pili ukaja baada ya dakika 7 na sekunde 12. Hizo ni sekunde 432, yaani wati 8 na kidogo. Halafu nikachomeka reshoo (jiko la kuran) ya wati 1000 na kale kataa kakawa kanapepesa kila sekunde tatu na nusu hivi, hapo hata mtu asiyejua kusoma anaona nani anakula kuran.

Saa moja ya reshoo hiyo kupika bukari na maharage ni karibu siku tano za rutere yako. Kama kuna nyumba hapo inapika na reshoo kila siku, mazungumzo ya fakture yaanzie huko, kwa upole lakini yaanzie huko.

SWALI: Niko Kampemba, nataka sahani ya Starlink (intaneti ya satelaiti) na bateri ya 12V 7Ah (ampea-saa 7) ili intaneti isikatike wakati wa delestaji (kuran ikikatwa kwa zamu). Itatosha? – Mwanafunzi

JIBU: Haitatosha, ndugu, usitoe pesa bado. 12 mara 7 ni wati-saa 84, na bateri ya risasi (aina kama ya gari) ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo hesabu 42. Rutere ya kawaida ya wati 8 itaenda kama saa tano. Ila sahani ya Starlink ya kawaida inakula wati 75 mpaka 100, nusu saa umeisha, ile ndogo ya Mini inakula 25 mpaka 40, utapata saa moja na kitu. Ukipitisha kwenye inveta ni mbaya zaidi, inveta kubwa yenyewe bila kazi inaweza kula wati 10 au 20, kuliko rutere nzima. Kwa delestaji ya saa nne na sahani ya kawaida tafuta bateri ya 12V 100Ah. Na ukiiacha inawaka saa 24 ni kWh 54 mpaka 72 kwa mwezi, kama uko mu lupango ya konteri moja waambie wenzako kabla ya kuipandisha juu ya bati.