Swali la lugha: "Koili mbili za omu 0.5", kila moja ina ngapi?

Msomaji aliyeko Uingereza ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Huku vepu (sigara za kielektroniki) za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu Juni 2025, washkaji wamehamia kwenye za kujaza na wengine wanataka kutengeneza wenyewe koili, yaani ule waya unaopata moto ndani ya vepu. Nikawaandikia namna ya kutumia kalkuleta ya mtandaoni: 'Jenga koili mbili za 0.5 omu, waya wa Kanthal wa 26 geji, kipenyo cha ndani 3 milimita, 7 mizunguko. Upinzani ukipungua nguvu inaongezeka.' Mmoja kaniambia hicho siyo Kiswahili. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Huyo kakuonea kidogo, maana umeeleweka, ila kuna sehemu moja hapo siyo ya ufasaha tu, inaweza kumletea mtu balaa, kwa hiyo naanza nayo.

"Koili mbili za omu 0.5." Kwa Kiswahili hiyo "za" inagawa, kila kimoja kinapata chake. Ukimwambia fundi alete mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 hawezi kukuletea ya kilo 25 mbili akakwambia jumla si ndo hiyo 50! Sasa mshkaji wako akisoma sentensi yako atahakikisha kila koili imefika omu 0.5, atazifunga zote mbili sambamba, na zikikaa hivyo ukinzani wa jumla (huo ulioita upinzani, unaopimwa kwa omu) unashuka nusu, inakuwa omu 0.25. Betri ikiwa imejaa, volti 4.2, hapo anavuta karibu ampia 17, wati 70 hivi. Wewe ulitaka kama ampia 8 na wati 35. Nimejuaje? Kwa vipimo vyako mwenyewe, maana Kanthal (aina ya waya wa kutoa joto) ya geji 26 kwa milimita 3 na raundi 7, ukihesabu na vimiguu vyake, yaani ncha za waya za kufungia, koili moja inatoka karibu omu 0.95, zikiwa mbili ndo inakuja kwenye hiyo 0.5 yako. Kwa hiyo andika "koili mbili, zikifungwa sambamba jumla yake omu 0.5", na kama unataka kuwa salama zaidi ongeza "kila moja karibu omu 1". Neno "jumla" limebeba kazi yote hapo.

Upinzani sasa. Watu walicheka nadhani, maana upinzani ni wa bungeni. Kwenye umeme tunasema ukinzani, kutoka kukinza, ingawa ukinzani nao una maana ya vitu kugongana, kama maelezo ya mashahidi yanayokinzana. Siyo dhambi kubwa, ila ukinzani ndo unaokaa vizuri.

"Nguvu" ndo inanisumbua zaidi kuliko upinzani. Kalkuleta inakupa volti, ampia na wati, vitu vitatu tofauti, halafu sisi kwa mazoea vyote tunaviita nguvu, nguvu ya betri, umeme mkubwa, umeme mdogo. Msomaji akiona "nguvu inaongezeka" atadhani ni moshi tu unakuwa mwingi, hatafikiria kwamba ampia ndo zinapanda na betri ndo inaumia. Koili ya omu 0.1 kwenye volti 4.2 inataka ampia 42, na betri nyingi za 18650 (saizi ya kawaida ya betri za vepu) hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Taja kipimo chenyewe, acha nguvu.

Kujenga koili? Hapana, mimi nakataa. Mafundi wetu wa mota na feni wana neno lao zamani sana, wanasuka. Fundi kusuka mota yupo kila mji, na anachofanya ni hichohicho, waya unazungushwa raundi baada ya raundi. Suka koili. Shida inakuja tu kwa wale wanaopenda nyaya mbili tatu zilizosokotwa pamoja kabla ya kuzungushwa, hapo sema "sokota waya kwanza, ndo usuke koili".

Vipimo vinatangulia namba: omu 0.5, geji 26, milimita 3, volti 4.2, kama unavyosema kilo mbili na lita tano. Mizunguko 7 pia, siyo 7 mizunguko. Na usiandike "geji kubwa", kwa waya ni kama kwa bati, namba ikipanda unene unapungua, sasa mtu hajui unamaanisha namba au unene. Sema waya mnene au mwembamba, halafu taja geji.

Kwa hiyo ningeandika: "Suka koili mbili kwa waya wa Kanthal geji 26, kipenyo cha ndani milimita 3, raundi 7 kila moja. Zikifungwa zote sambamba, jumla ya ukinzani iwe karibu omu 0.5, ipime kwa mita kabla hujaweka betri. Ukinzani ukishuka, ampia zinapanda."