Maswali yenu kuhusu mafrateri walioko staji nje ya nchi

Wiki hii nimechagua matano, mengine yanajirudia mpaka nachoka. Kwa wageni: staji ni kipindi ambacho frateri, kijana anayesomea upadre, anatumwa kuishi na kujifunza kazi ya umisionari.

"Kuingia White Fathers lazima uwe mzungu au uwe na mzungu wa kukudhamini?"

Hapana! Hili nimeshalijibu mara nyingi, tafadhali someni kabla ya kuuliza. Jina la White Fathers, yaani shirika letu la Wamisionari wa Afrika, limetokana na kanzu nyeupe. Kardinali Lavigerie alianzisha shirika kule Algiers mwaka 1868 akataka wamisionari wake wavae kama watu wa huko, basi. Leo vijana wengi wanaoingia ni Waafrika wenzetu.

"Frateri akiwa staji analipwa shilingi ngapi?"

Halipwi. Anakula, analala na anatibiwa na jumuiya, anapewa hela kidogo ya sabuni na vocha.

"Mwanangu yuko staji Burkina Faso. Nikimpigia saa nne usiku hapokei, ana shida gani?"

Shikamoo mama. Saa nne usiku huku kwetu, kule ni saa moja jioni, wako nyuma yetu masaa matatu, kwa hiyo yuko kanisani kwenye masifu au yuko mezani na wenzake. Mpigie Jumapili mchana utampata.

Ila mama niruhusu niongeze kitu hujauliza. Ndugu wengi wakisikia kijana yuko nje wanadhani kapata hela. Mimi nilikuwa huko huko Burkina Faso, wiki niliyolala na malaria ndo wiki mjomba alinitumia meseji tatu za ada ya watoto wake, nikawa nalia chini ya neti sina hata nguvu ya kujibu. Mwambieni tu mnamwombea, hiyo inamtosha, na habari za mgogoro wa shamba msimpelekee, atafanya nini akiwa kule?

"Nimepangiwa Burkina Faso na Kifaransa changu kibovu. Nitaweza?"

Kifaransa utakipata, wasiwasi wangu mimi ni Kimoore, lugha ya Wamossi wa huko. Mapadre wa kwanza wa shirika walifika Koupéla mwaka 1900 na Ouagadougou mwaka 1901, na tangu enzi za Lavigerie agizo ni kwamba mmisionari aongee lugha ya watu aliotumwa kwao. Sasa vijana wa siku hizi wanafika, wanakamata bando, jioni nzima wapo WhatsApp na watu wa nyumbani, mwaka unaisha anajua kusema asante tu. Hilo linaniuma sana na sitaacha kulisema.

Na mimi nilianza hivo hivo, miezi mitatu nikitoka kanisani nakimbilia chumbani. Kuna bibi alikuwa anakaa nje ya kanisa anamenya karanga, siku moja akaniita, akanisogezea kigoda, akashika karanga moja akaitaja, akashika ya pili akaitaja, mpaka kumi, nikikosea ananirudisha mwanzo na haniachii mkono. Kesho yake nikamwamkia "ne y yibeoogo", yaani habari za asubuhi, nimechuchumaa kama wanavyoamkia wakubwa zao, akapiga vigelegele mpaka katekista akatoka ndani kuangalia kuna nini. Kuanzia siku hiyo nikawa naitwa kwenye misiba na kwenye ubatizo. Kwa hiyo ukifika zima data, nenda ukakae na anayemenya karanga.

Chakula usiogope, tô yao ni ugali wa uwele au mtama kwa mchuzi wa bamia au majani ya mbuyu, mtu wa Dodoma au Singida ataona ni mlenda wa kwao kabisa. Joto la mwezi wa nne ndo zito, kunywa maji. Na usipige picha askari wala vizuizi vya barabarani, hali ya usalama sio ya kuchezea, usiposti uko wapi saa hiyo, na mkubwa wa jumuiya akisema leo hakuna safari, hakuna safari.

"Naishi na wenzangu wawili wa mataifa mengine, tunanuniana. Niombe kuhamishwa?"

Usiombe. Jumuiya zetu ni za watu wasiopungua watatu wa mataifa tofauti, na imewekwa hivyo kwa makusudi ili watu waone kwamba inawezekana. Sisi tulinuniana wiki nzima sababu ya nani azime jenereta. Aliyekuudhi mwambie usiku huo huo kabla hamjalala, mwambie yeye mwenyewe mkiwa wawili, na usiende kumsimulia katekista.