Soksi za Kubana Baada ya Mbio: Niliyoyaona Miguuni Mwangu

Sisi wa kisiwani Mombasa hatuna milima. Mazoezi yangu ni barabara ya Mama Ngina baada ya swala ya alfajiri, au ufukwe wa Nyali maji yakipwa na mchanga ukiwa umekaza. Kote huko ni tambarare. Kwa hiyo siku nilipoalikwa kwenye milima ya Taita na nikakimbia kuteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, niliona raha tupu. Pumzi haikunisumbua hata kidogo. Kesho yake, nyumbani Majengo, nilishuka ngazi za ghorofa ya tatu kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Siku ya tatu ikazidi. Msikitini rukuu niliiweza, lakini kukaa attahiyatu mapaja yalikataa kabisa, nikasali kitini.

Wengi tumezoea kusema maumivu hayo ni asidi ya laktiki, ile inayotolewa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu. Siyo. Hiyo huondoka mwilini muda mfupi tu baada ya kupumzika, kwa kawaida haizidi saa moja au mbili. Maumivu yanayofika kilele kati ya saa 24 na 72 hutokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli, pamoja na uvimbe unaofuata mwili unapojitengeneza. Mteremko huchubua kuliko mpando, kwa sababu paja linakaza kuzuia uzito wako na papo hapo linavutwa lirefuke.

Ndipo nikanunua soksi ndefu za kubana, za kufika chini ya goti. Nilikosea. Nilichagua kwa namba ya kiatu, muuzaji naye hakuniuliza zaidi. Usiku vidole vilikufa ganzi, na ile sehemu ya juu ilikuwa imejikunja ikakaza mguu kama kamba. Soksi za aina hii asili yake ni tiba ya mishipa ya miguu: hubana zaidi kwenye kifundo, zikalegea kidogo kidogo kupanda juu, ili damu isaidike kurudi moyoni. Zikikaza juu kuliko chini, zinafanya kinyume cha kazi yake. Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye aliyenifundisha kupima kwa utepe wa fundi cherehani, asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo pale pembamba, kisha shavu la mguu pale panene. Boksi lenye maana huonyesha vipimo hivyo, na nguvu ya kubana pia. Zangu za sasa zimeandikwa 15–20 mmHg, yaani kipimo cha mgandamizo, zinanitosha.

Taiti za kubana za mitumba za soko la Kongowea nimezijaribu pia. Ivute kwa mikono miwili uiachie: isiporudi upesi, mpira wake umekwisha, hiyo ni nguo ya kawaida tu.

Je, zinasaidia? Mimi husikia nafuu, na tafiti nyingi zinakubali kwamba maumivu hupungua kiasi, si sana. Kukufanya ukimbie kasi zaidi, ushahidi ni mdogo. Tena ni vigumu kuzipima kwa haki, maana aliyevaa anajua amebanwa, na imani nayo hutuliza. Kwangu nafuu ni nafuu. Ila mbioni sizivai, joto la Februari hapa linatosha lenyewe. Huoga, nikajikausha vizuri, nikazivaa jioni kwa muda wa saa tatu au nne nikiwa nimekaa, nikazivua kabla ya kulala. Zifuliwe kila mara na kuanikwa kivulini, la sivyo jasho na unyevu wetu huu vitakuletea upele.

Mwenye kisukari, au ambaye damu haifiki vizuri miguuni, amuone daktari kwanza, tafadhali. Na kuna maumivu yasiyo ya kuvalia soksi. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto na shavu likauma, huenda damu imeganda ndani. Mkojo ukitoka mweusi kama kahawa baada ya zoezi kali, misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Yote mawili ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini kilichonisaidia kuliko soksi ni mteremko wenyewe. Misuli iliyochubuka kidogo hujikinga, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Siku hizi kila baada ya wiki mbili naenda Daraja la Nyali mapema, kabla matatu hazijajaa, nikashuka ule mwinamo mara sita kwa hatua fupi fupi. Ni mwinamo mdogo, si Wundanyi. Hata hivyo niliporudi Taita, siku ya tatu niliketi attahiyatu mpaka salamu.