Alama tatu za sawasawa hazikunisaidia

Fomu niliyoiandikia programu kwa JavaScript ilikuwa na kisanduku cha kujaza idadi ya siku za kusubiri kabla ya kutuma ukumbusho. Asiyejaza kitu alipewa siku 7. Anayejaza 0 alitaka ukumbusho uende papo hapo. Fomu ikafanya kazi miezi kadhaa, kisha ghafla waliojaza 0 wakaanza kusubiri wiki nzima.

Nilipekua seva, nikapekua hifadhidata, siku mbili zikapita. Kumbe kosa lilikuwa langu, kwenye mstari huu:

`const siku = Number(jibu) || 7;`

Hapo `||` huchukua thamani ya kulia pale ya kushoto inapohesabiwa kuwa uongo. Awali hapakuwa na `Number`, inayogeuza maandishi kuwa namba. Kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu ni maandishi, na `"0"` ni maandishi yenye herufi moja, kwa hiyo JavaScript huyahesabu kuwa kweli. Nilipoyageuza kuwa namba nikidhani natengeneza, yakawa `0`, na `0` ni uongo. Hapo ndipo 7 ikapenya.

Nilikuwa nimeshazoea kuandika `===` kila mahali, alama kali inayolinganisha bila kugeuza aina ya data kama `==` inavyofanya, nikajiona salama. Lakini `if (siku)` na `||` hazina alama yoyote ya kulinganisha unayoweza kuikaza. Ukitaka kujua kama thamani ipo, uliza hivyo hivyo waziwazi. Usidhani `??`, inayochukua thamani ya kulia pale tu ya kushoto ni `null` au `undefined` (yaani haipo), peke yake ingeniokoa: `Number("")` hutoa `0`, kwa hiyo kisanduku kitupu nacho kingehesabiwa kuwa sifuri. Nilimalizia hivi, `trim` ikiondoa nafasi tupu za pembeni:

`const siku = jibu.trim() === "" ? 7 : Number(jibu);`

Kisha nikaongeza `Number.isNaN(siku)` kwa ajili ya aliyeandika herufi, kwani hapo `Number` hutoa NaN, yaani "si namba". `siku === NaN` haikamati kitu, maana NaN haiwi sawa hata na yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: geuza data mlangoni, pale inapoingia tu, halafu ndani ya programu namba ibaki namba. Hili lina uzito zaidi kwenye kubwa na ndogo, ambako hakuna alama kali ya kukimbilia. `"10" < "9"` ni kweli, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi. `null >= 0` nayo ni kweli, ilhali `null == 0` ni uongo.

Alama mbili (`==`) nimeziachia sehemu moja tu, `x == null`, kwa kuwa hukamata `null` na `undefined` kwa pamoja na haigusi kingine unachokutana nacho kwenye kazi ya kila siku. Kanuni ya `eqeqeq` ya ESLint, chombo cha kukagua msimbo wa JavaScript, hudai `===` badala ya `==`, lakini inaruhusu kuiwekea msamaha huo.