Naweza kumsainia bibi fomu ya utafiti?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kea, mhudumu wa wazee, kwenye kea homu (nyumba ya kutunzia wazee) moja hapa England, mwaka wa pili sasa. Meneja katuambia nyumba yetu inaingia kwenye utafiti wa kupunguza wazee kuanguka, wakazi na wafanyakazi tunaombwa tujitolee. Kuna bibi namhudumia ana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hana ndugu anayekuja kumwona, mwenzangu ananiambia we ndo unamjua zaidi, msainie tu. Naogopa wasije wakamjaribishia dawa. Na mi mwenyewe nikikataa kuhojiwa je, maana viza yangu iko chini ya sponsa, yaani mwajiri wangu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ya dawa na viza nayamaliza haraka. Utafiti wa dawa una kanuni zake nyingine kabisa na karatasi ya maelezo itaitaja dawa waziwazi, kwa hiyo isome hiyo karatasi, usisome uso wa meneja. Viza yako inahusu kazi uliyoajiriwa kufanya, kuhojiwa na mtafiti sio sehemu ya hiyo kazi, ukikataa huulizwi sababu. Ukikubali pia, ulichosema hakipelekwi kwa meneja, isipokuwa ukieleza kwamba kuna mzee anadhuriwa, hapo mtafiti lazima atoe taarifa.

Sasa hilo la kumsainia. Nimefanya kazi ya unesi wa utafiti kwenye hizi nyumba miaka mingi na hili nakutana nalo karibu kila nyumba ninayoingia, na kwa kweli linaniuma. Kwenye utafiti kama huu HAKUNA kumsainia mtu mzima, sio wewe, sio meneja, hata mtoto wake wa kumzaa hana hiyo ruhusa. Sheria ya England na Wales ya 2005, Mental Capacity Act, inaanzia kwa bibi mwenyewe: inamchukulia kuwa anaweza kuamua mpaka ionekane hawezi, tena kwa jambo hilo moja na wakati huo. Dimenshia peke yake haimnyang'anyi sauti. Sasa niambie, kuna mtu kamuuliza? Maana mara nyingi naambiwa "huyu haelewi kitu" halafu nikikaa naye asubuhi akishakunywa chai, redio imezimwa, nikamwambia kwa sentensi fupi fupi, ananijibu vizuri tu, na wengine wanakataa na sababu wanakupa.

Ikishathibitika kweli hawezi, ndo mtafiti anatafuta mtu wa kumshauri, na huyo haulizwi kama ANAKUBALI, anaulizwa bibi huyu enzi zake angependa jambo kama hili au angekataa. Alikuwa mtu wa kushirikishwa mambo au alikuwa hapendi wageni waingie chumbani kwake? Karatasi anayosaini ni ya kusema nimetoa ushauri wangu, basi. Na sheria inataka awe mtu anayemjali bila kulipwa, kwa hiyo wewe unayelipwa mshahara kumhudumia huwezi kukaa kwenye nafasi ya ndugu. Kama hana mtu kabisa, ni kazi ya mtafiti kuteua mtu asiyehusika na utafiti. Na hata akishaingizwa, siku bibi akisukuma mkono au akigeuka ukutani kuonyesha hataki, anatolewa. (Scotland wana sheria yao ya mwaka 2000, usichanganye.)

Mwenzako anaona anasaidia, ila njia za mkato ndo zinaua hizi tafiti. Chuo Kikuu cha Nottingham walifanya utafiti kama huo wenu, matokeo yalitoka 2021, nyumba 84 na wakazi 1,657. Wafanyakazi wa nyumba 39 walifundishwa kukagua hatari za kila mzee mmoja mmoja na hatua za kuchukua, nyumba 45 ziliendelea kama kawaida, na kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita tangu utafiti uanze, kuanguka kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kule walikofundishwa. Unajua hesabu hiyo ilitoka wapi? Kwenye rekodi za kuanguka walizojaza makea kama wewe. Kwa hiyo kea akimnyanyua mzee saa tisa usiku akaona hakuumia asiandike, au akajaza shifti nzima kwa kukisia, anapotosha jibu litakaloamua wazee wengine walindwe vipi. Na nyumba yenu ikipangwa kwenye kundi la kuendelea kama kawaida msione mmetengwa, bila ninyi hakuna cha kulinganisha.

Halafu kuna wale mawakala wa kwenye magrupu ya WhatsApp, nipe hela nikuandikishe utafiti unaolipa. Utafiti wa kweli haukutozi ada ya kujiunga! Join Dementia Research, huduma ya Uingereza ya kuwaunganisha watu na tafiti za dimenshia, ilianza 2015, kujiandikisha ni bure, hata usiye na dimenshia unajiandikisha. Wengine wanawauzia watu poda ya kurudisha kumbukumbu eti "imefanyiwa utafiti", na watoto walioko huku wanatuma hela mama anunuliwe Dar au Mombasa. Muulize huyo muuzaji kamati gani ya maadili iliupitisha huo utafiti, Tanzania kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kenya mtafiti lazima awe na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, akianza kukupandishia sauti mfute kwenye simu. Wanaumiza wagonjwa, na wanafanya watu wamwogope hata mtafiti aliyekuja na vibali vyake vyote.

Kesho ukiingia shifti mwambie meneja: bibi hajaulizwa, aulizwe asubuhi, mi niwepo pembeni maana ananizoea. Akishindwa kuamua, mtafiti atafute wa kumshauri, na ulichokisikia bibi mwenyewe akisimulia kuhusu maisha yake mpe huyo mshauri, kitamsaidia sana. Ile fomu usiishikie kalamu.